Uji wa Mgonjwa Asiyekula

Saa moja asubuhi Bogere alifunikwa shuka. Alikuwa wa tatu kufa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali hiyo ya Mbale, kwa bakteria wale wale wasioogopa dawa yoyote.

"Ni huyu Wangila," alisema Daktari Masinde, mkuu wa chumba. "Dereva wa lori kutoka Kenya. Ndiye ametuletea. Saa sita gari linampeleka Jinja."

"Atafia njiani, daktari," alisema Nusifa.

"Akibaki, watakufa wengine."

Nusifa, mpelelezi wa maambukizi, alikuwa ametumwa kutoka Jinja wiki iliyopita, na tangu hapo alikula na kunywa peke yake. Akiingia, manesi wananyamaza. Nani atamkaribisha mtu aliyekuja kutafuta mchawi? Akaendelea na kazi.

Kwanza walimshuku Mahad, mfagiaji. Dawa yake ya kusafishia ikakutwa kali, na kazi yake haina kasoro. Mashine za kupumulia zikapimwa, safi. Kisha Nusifa akauliza lililokuwa wazi: Mugweri, marehemu wa kwanza, aliugua lini? Kabla Wangila hajafika. Na wote wanne, Wangila akiwemo, walilazwa, kwa nyakati tofauti, kwenye vitanda viwili vilivyopakana na sinki la kunawia mikono. Akainama kunusa. Sinki lilinuka uchachu wa uji. Akachukua simu kuulizia sampuli za bomba la kutolea maji ya sinki, alizokuwa amezipeleka pamoja na za mashine, na maabara ikajibu: bakteria ni wale wale.

Nje, kwenye benchi, alimkuta Awuor, mke wa Wangila, amepakata chupa ya uji wa wimbi.

"Anakula?"

"Vizuri sana, sista. Kila siku chupa inarudi tupu."

Nusifa alishtuka. Tumbo la Wangila lilikuwa limekataa chakula, na Masinde alishaamuru asilishwe. Akarudi ndani, akamsimamisha nesi mkuu mbele ya daktari.

"Sista Namono, uji wa Wangila unaenda wapi?"

"Kwetu chakula cha mgonjwa kikirudi, watu wanaanza kumlilia. Huyu mama hana mtu hapa. Ningemrudishia chupa imejaa, aende nayo wapi? Mimi namwaga tu hapo kwenye sinki."

"Na wa wengine?"

"Pia."

"Bakteria wanaishi kwenye bomba, nawe unawalisha. Maji yakifunguliwa, yanawarusha hadi kwa wagonjwa. Daktari, kikulacho ki nguoni mwako."

Masinde alipiga simu, gari likarudishwa. Sinki likafungwa. Namono alijifunika uso. "Nimewaua kwa huruma," alisema.

Nusifa alitoka kumwambia Awuor. "Mama, anabaki hapa hapa. Lakini hajala kitu."

"Najua," alisema Awuor. "Nimeuguza watu mimi. Ila nikiacha kupika, sista, kale kachumba nilikopanga peke yangu katanimaliza."

Nusifa akakaa kando yake.

"Nimiminie mimi, basi," alisema. "Sijala."