Uzi wa Kupimia Safari

Kila asubuhi, kabla ya shule, Kidoti alimpelekea mama yake chai katika chumba cha redio cha kiwanja kidogo cha ndege. Zamani alikwenda peke yake. Siku hizi alifuatana na Kipande, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuja kukaa nao ili asome. Kwa ufupi wake, jina hilo lilimkaa sawasawa.

"Karibu, rubani wangu!" mama alimwambia Kipande.

Na Kidoti je? Kidoti aliambiwa aweke birika mezani. Wivu ukamwingia.

Alhamisi, rubani wa ndege ya dawa aliingia. "Jumamosi nina kiti kimoja kitupu. Naenda kiwanja cha nyikani, jioni narudi. Ndege yangu huenda kilomita mia mbili na arobaini kwa saa. Nitatumia dakika ngapi? Atakayepatia ndiye atakayepanda."

Kipande aliruka kwa furaha. Mama yake alikuwa muuguzi huko nyikani, na tangu mvua zikate barabara hawakuwa wameonana. Kidoti alilijua hilo vizuri. Lakini moyoni alisema, "Hata ndege apande yeye? Thubutu!"

Pale umbali ulipimwa kwa uzi. Ulinyooshwa kwenye ramani ya ukutani, toka kiwanja hadi kiwanja, kisha ukalazwa kwenye mstari wa kilomita chini ya ramani. Kesho yake Kidoti alipima kwanza. Kipande alipotoka kusuuza vikombe, Kidoti akauficha uzi ule na kuweka uzi wa mpira aliouchukua kwenye kikapu cha kushonea. Ulikuwa mweusi vilevile. Ukivutwa hurefuka, ukiachiwa hunywea.

"Kilomita mia moja na arobaini," Kipande alimwambia rubani. "Dakika thelathini na tano."

"Mia moja na themanini," alisema Kidoti. "Dakika arobaini na tano."

"Barabara! Kiti ni chako."

Kidoti alicheka mpaka jino la mwisho. Kipande aliinama akakusanya vikombe.

Jumamosi, Kidoti akiwa amekwisha kufunga mkanda, Kipande alikuja mbio mlangoni mwa ndege. Akampa uzi mweusi wenye fundo.

"Mpe mama. Toka mwanzo hadi kwenye fundo ndio urefu wangu wa sasa. Lakini mwambie asiuvute. Ni wa mpira."

Kidoti alishtuka. "Kumbe umejua?"

"Tangu jana jioni, nilipouazima uzi wa ramani nijipime."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mama mkubwa angekugombeza. Nenda tu, dada."

Kidoti alifungua mkanda, akashuka akilia, akamweleza mama, aliyekuja kuwaaga, yote mbele ya rubani. "Apande yeye," alisema. "Akapimwe na mama yake mwenyewe."

Ndege iliporuka, mama alimtazama. "Nimekasirika, sikufichi. Mwenzako namwita rubani wangu ili kumbembeleza, kwa sababu kila siku anamlilia mama yake. Wewe wako uko naye. Wivu ni kama uzi wako ule, mwanangu. Ukipimia upendo, utaona umepungua, kumbe uko palepale. Siku ukiona nimekusahau, niambie. Usimwonee mwenzako."

Baada ya dakika arobaini na tano na ushei redio ilikoroma. "Tumetua salama," alisema rubani. "Na mtoto ameshapimwa. Mama yake anasema amefika begani!"

Kidoti alicheka na machozi yake. Mama akamvutia kiti karibu na redio, akamimina chai vikombe viwili.