Maji ya Tambi

Mnyororo wa nanga ulipoanza kupanda, Meliha alisikia harufu ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto ili anyonyolewe. Alidhani pua inamdanganya. Ghuba ile haikuwa na kuku wala mtu. Palikuwa na miamba iliyosimama wima, mbuzi wachache kule juu, na boti yao ya tanga peke yake. Kisha mnyororo ukagoma, na mumewe Tevfik akaanza kutukana.

"Umenasa tena?" Meliha aliuliza.

"Nitajuaje? Niko chini ya maji?"

"Si uzame uangalie!"

"Nimeshazama asubuhi, mama Sevda. Nanga imelala juu ya mchanga mtupu. Haijashikwa na kitu."

Jibu hilo lilimkera Meliha kuliko matusi. Binti yao Sevda, kule mjini Bodrum, alikuwa akisubiri kujifungua wakati wowote. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hii, na Meliha alikuwa amemwahidi kwamba safari hii hatakuwa peke yake. Kutoka hapo hadi Bodrum ni mwendo wa nusu siku tu, upepo ukikubali. Lakini Tevfik, tangu wastaafu wakauza nyumba ya Izmir na kuhamia botini, hapiti penye maji ya kijani asitake kulala hapo. "Usiku mmoja tu," alisema. Basi usiku mmoja ukaleta mwingine. Mara injini haiwaki, mara nanga haing'oki, na simu haishiki mtandao. Meliha alichoka hadi akachoka kuchoka.

"Washa redio uombe msaada," alisema.

"Nimewasha. Sikiliza mwenyewe."

Redio haikutoa sauti ya mtu mzima. Ilitoa kilio cha mtoto mchanga, chembamba, kikipanda na kushuka, na Tevfik alipoizima kilio hakikuzimika, kiliendelea chini ya miguu yao, chini ya mbao za sakafu, upande wa pili wa ubavu wa boti kulikokuwa na maji tu.

"Ni paka wa baharini," Tevfik alinong'ona.

"Paka wa baharini! Mwalimu mzima wa fizikia!"

Tevfik alichukua msumeno wa chuma, akaukata mnyororo kwa hasira, nanga ikabaki chini na yeye akapandisha tanga. Tanga likajaa upepo mpaka mlingoti ukalia, kamba zikakaza, boti ikainama upande mmoja kama inayokwenda mbio, na miamba ya pwani ikabaki palepale, haikusogea hata shubiri, huku ile harufu ikipanda kutoka majini, nzito, ya ngozi na manyoya yaliyobabuka, ikawaingia mpaka kooni.

Hapo ndipo Meliha alipokumbuka.

"Tevfik. Sikusema destur."

"Hukusema nini?"

"Siku ile tuliyofika. Tulikuwa tunagombana kwa sababu ya usiku wako mmoja. Nikachuja tambi, nikayarusha yale maji ya moto baharini. Sikusema destur."

Kwao hata mtoto anayetambaa analijua neno hilo. Humwagi maji ya moto, hata kwenye beseni la jikoni, kabla hujasema destur, yaani wenyewe msioonekana mtupishe, tusije tukawaunguza ninyi na watoto wenu. Maisha yake yote Meliha alikuwa akilisema na Tevfik akimcheka. Siku ile mdomo ulikuwa umejaa ugomvi.

Alitarajia acheke tena. Lakini Tevfik alisogea karibu naye. "Sasa itakuwaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Meliha alikoroga sukari kwenye maji baridi, kinywaji cha kuwatuliza wenyewe, akapiga magoti ukingoni na kuyamimina taratibu. "Destur," alisema. "Nisameheni. Sikumwona mtoto wenu. Na mimi ni mama, nina binti, Sevda, yuko Bodrum, nyumba ya nyuma ya soko la samaki, ghorofa ya juu, anajifungua na hana mtu, hana mtu kabisa, niachieni niende kwake, nawasihi, niachieni."

Kilio kikakatika. Kitu kikaondoka chini yao, kirefu kuliko boti, kikainua tuta la maji lililopasua ghuba na kuizunguka rasi kuelekea kaskazini, upande wa Bodrum. Papo hapo boti ikachomoka kwa kishindo, Tevfik nusura aanguke.

"Imetuachia!" alipiga kelele. "Wallahi imetuachia! Mke wangu wewe ni moto!"

Meliha alilia kwa faraja. Alikaa kando ya usukani, simu mkononi, akiifokea kila dakika kama mtumishi mvivu. Walipoimaliza rasi, mtandao ukashika. Akapiga.

"Haloo?" Sauti ya Sevda ilikuwa ya uchovu, lakini yenye furaha.

"Mwanangu! Umeshajifungua?"

"Nani mwenzangu? Namba hii siijui, wala sauti."

"Nani tena? Mimi mama yako! Tunakuja, jioni tuko hapo."

"Dada, acha utani. Mama yangu yuko hapa. Amefika sasa hivi, nguo zimelowa chapachapa, hata hajabadili. Amemchukua mtoto akamwogeshe."

"Sevda, nisikilize. Mnyang'anye mtoto. Sevda! Mfuate sasa hivi!"

Lakini Sevda alikuwa ameigeuzia simu kisogo, akiita huko ndani. "Mama! Mbona mvuke umejaa mpaka huku? Hayo maji hayajazidi moto?"

Sauti iliyomjibu ilikuwa ya Meliha mwenyewe, ya upole, yenye mapenzi. "Lala, mwanangu. Ni nani huyo anayekusumbua?"

"Hakuna, mama," Sevda akasema. "Amekosea namba."

Akakata.