Beseni la Buluu

Kofia ilinuka sabuni ya watoto. Fundi aliinusa mara mbili, maana ilikuwa imelala kabatini, na hakuna mtoto aliyewahi kuingia chumba kile cha upelelezi. Akaivaa hivyohivyo, na nyaya zake zote. Ndiyo kazi yake: kila asubuhi, kabla ya kumvisha mtuhumiwa, aijaribu kichwani mwake mwenyewe, atazame picha kadhaa za vitu asivyovijua na moja ya mwanawe wa miezi saba. Ubongo ukikitambua kitu, mstari kwenye kompyuta huruka, hata mdomo ukikana.

Picha ya mwanawe ikapita. Mstari ukalala, haukutikisika.

Ikafuata picha ya beseni la buluu, iliyosahaulika kwenye kompyuta tangu jana. Mstari ukaruka mpaka juu kabisa.

"Beseni si uliliona jana?" mpelelezi alicheka. "Lazima ulitambue."

"Na mwanangu, afande? Mwanangu simtambui?"

"Usingizi huo, mama mtoto. Kanywe chai."

Jana kofia hiyo alivishwa yaya anayedaiwa kumzamisha mtoto wa bosi wake katika beseni hilo. Mstari uliporuka, yaya alilia, "Dada, mimi sikumbuki kitu. Anayelijua ni huyu aliyenipanda kichwani." Wakamcheka. Fundi naye alicheka.

Sasa alishuka mbio mpaka mahabusu, akamwomba askari amfungulie. Yaya alikuwa ameketi chini, uso umetulia.

"Jana uliponivua ile kofia nililala, dada. Mara ya kwanza tangu mtoto afe."

"Amekutoka?"

"Amenitoka."

"Ameenda wapi?" fundi alinong'ona.

Yaya akamtazama, kisha akajisogeza nyuma taratibu mpaka mgongo ukagota ukutani.

Hapo ndipo fundi alipokumbuka, na kadiri alivyokumbuka ndivyo pumzi ilivyomwisha, kwamba leo asubuhi alikuwa anamwogesha mtoto, mama mkwe akaingia akapiga ukelele, "Wewe! Maji yanamfika puani!" akamnyakua, na yeye akasema nilisinzia kidogo tu mama, wakaishia kucheka, akaja kazini na mikono hii hii, na harufu ile haikuwa ya kofia hata kidogo, ilikuwa ya vidole vyake, na vidole vyenyewe, alipovitazama sasa, vilikuwa vinachuruzika maji.

"Afande, funga mlango," alimwambia mpelelezi, aliyekuwa amemfuata. "Nifungie humu, nakuomba. Nisirudi nyumbani leo."

"Acha masihara. Toka huko, nenda kapumzike na mtoto wako."

Fundi akafungua mdomo aseme hapana, nifungie.

"Haya, afande," mdomo ukajibu, kwa sauti laini ambayo yaya aliitambua, akaziba masikio. "Na kweli, hajamaliza kuoga."