Mgeni wa Mwisho wa Ukumbi

Siku wanawake wa Mpendae walipokuja kumposa Shadya, mdogo wake Faiza aliingia ukumbini na sahani ya halua, akawaamkia wageni mmoja mmoja, kisha akainua uso kuelekea pembe ya mwisho wa ukumbi, ambako hapakuwa na mtu, akasema tena kwa adabu:

"Shikamoo."

Wageni wakageuka kuitazama pembe ile, vikombe vya kahawa mkononi.

"Anamwamkia nani?" aliuliza Bi Mwanakheri, mama wa mposaji.

Mardhiya, mama wa watoto hao, alihisi uso unamuwaka. Alijua vizuri kilichotokea. Faiza alikuwa na miaka minane na haoni mbali. Kwake yeye kivuli cha dirisha pembeni kiliweza kuwa bibi wa kustahiki salamu. Miwani yake ilikuwa chumbani, ndani ya kijaluba cha udi, na aliyeificha humo asubuhi ile ni Mardhiya mwenyewe, kwa kuwaonea haya wageni.

Haikuwa miwani ya kawaida. Kijana wa kliniki ya macho aliviinamisha vioo kwenye mwanga ili mama azione nukta ndogo ndogo zilizoizunguka sehemu safi ya katikati. "Jicho la mtoto wako linarefuka kupita kiasi," alimweleza. "Kila likirefuka, mbali kunazidi kumpotea. Vioo hivi haviponyeshi, Bi Mardhiya, lakini vinasaidia kupunguza mwendo huo. Avae tangu anapoamka mpaka anapolala. Na acheze nje, kwenye mwanga."

Lakini muda mfupi kabla Faiza hajaingia na halua, Bi Mwanakheri alikuwa akisimulia huku anacheka. "Mwanangu kwanza alimtaka binti wa nyumba moja Mtendeni. Nikamwambia, baba wee, ukoo ule wote macho mabovu! Wajukuu zangu wazaliwe na vioo usoni?" Wenzake walicheka, na Mardhiya akacheka pamoja nao, ingawa yeye mwenyewe haoni mbali tangu utotoni. Hakuwahi kumwambia mtu. Vichochoroni Kiponda, mtaani kwake, aliwajua watu kwa mwendo na kwa sauti, na wale aliowapita bila ya salamu walisema ana maringo. Aliwaacha waseme. Maringo aliyaona yana heshima yake.

Sasa wote walikuwa wakimtazama, wanangoja jibu.

"Ana ruhani, hamwoni ila yeye," alisema Mardhiya. "Wa kheri. Hana maudhi."

Bi Mwanakheri akajitanda mtandio wake vizuri. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya heshima. "Mashaallah. Na umeshamkaribisha? Ukimtaja bila ya kumkaribisha utamuudhi."

Mardhiya akageukia pembe tupu. "Karibu," alisema mbele yao wote. "Kaa kwetu."

Wageni walipokwisha kuteremka ngazi, Faiza alimvuta mama yake kanga. "Mama, yule mgeni mrefu mbona hajashuka na wenziwe?"

"Mgeni gani?"

"Yule niliyemwamkia. Kaniitikia. Kasema marahaba."

Posa ilikubaliwa, na Mardhiya akaamua miwani ikae kijalubani mpaka nikahi ipite, maana watu wa Mpendae walikuwa wakiingia na kutoka kila mara. Shadya, aliyekuwa akisomea ualimu chuoni, hakupendezwa.

"Mama, mpe mtoto miwani yake. Skuli ananakili kwa mwenzake, ubaoni haoni kitu."

"Nshasema, mpaka nikahi. Au unataka mumeo akatafutiwe mwengine?"

Shadya aliinamisha kichwa. Alitaka kuolewa, na hilo ndilo lililomfanya anyamaze, na kila alipomwona mdogo wake anakunja macho ili aone, aliangalia pengine.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya udi uliomwagiwa maji ukiwa bado unawaka, nayo ilikuja mchana, chetezo kikiwa kimelala juu ya kabati hakina hata jivu. Kisha ikaja sauti ya nguo nzito inayoburuzwa juu ya saruji, taratibu, kama mtu anayesogea huku hataki asikiwe.

"Yuko wapi leo?" Mardhiya alinong'ona alasiri moja. Alijichukia kwa kuuliza.

"Pale penye cherehani," alijibu Faiza.

"Si alikuwa pembeni?"

"Alikuwa. Yeye husimama pale vitu vinapoanza kuwa ukungu. Zamani ukungu ulikuwa mbali, mama. Sasa umekuja karibu."

"Yukoje?"

Mtoto alifikiri. "Mrefu. Mweusi. Kama nguo iliyotundikwa. Sura siioni bado, lakini akifika hapa nitaiona."

Haukupita muda mrefu Faiza akaacha kukaa ukumbini. Alikula chumbani, mgongo ukutani, kitabu amekisogeza mpaka karibu kinamgusa pua, na magharibi moja, umeme ulipokatika na Shadya alipokuwa bado anatafuta kibiriti, Mardhiya aliisikia ile nguo ikijiburuza kutoka kwenye cherehani, ikipita kando ya meza, ikiingia chumbani, ikija mpaka ukingoni mwa mkeka alipokaa mwanawe, na ile harufu ya udi uliomwagiwa maji ikajaa chumba kizima, naye akanyoosha mkono gizani kumvuta mtoto, akamshika begani, na bega lile lilikuwa limegeuka, maana Faiza alikuwa amekaa sawasawa, uso ameuinua juu, kama mtu anayesemeshwa kwa karibu sana.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "anasema umemkaribisha wewe."

Asubuhi yake walimfuata Bi Sichana, mganga wa Bwejuu. Alikuja na kitabu chake cha dua, akavaa miwani yake iliyofungwa kamba shingoni, akasoma, akafukiza ubani, akanusa. Kisha akafunga kitabu.

"Huyu hakuja kwa nguvu. Kaitwa. Mimi siwezi kumfukuza mgeni wa watu. Aliyemkaribisha mbele za watu amtoe mbele za watu hao hao, na aseme kweli mtoto ana nini."

"Mbele ya Bi Mwanakheri?" aliuliza Mardhiya. "Bi Sichana, posa ya mwanangu itavunjika."

"Basi chagua utakachovunja."

Bi Mwanakheri aliitwa, akaja na wenzake wale wale, wakakaa kwenye zulia lile lile. Mardhiya aliwaletea kijaluba badala ya kahawa. Alikifungua mbele yao. Alitoa miwani, akamvisha Faiza, akasema bila ya kumtazama mtu, "Mtoto huyu hana ruhani. Haoni mbali. Nilisema uongo kwa kuona haya." Akageukia ukumbi. "Na wewe, toka. Hapa hukualikwa kwa kweli."

Nguo ilisikika ikijiburuza juu ya saruji, ikirudi nyuma. Wanawake wakashikana mikono. Faiza, macho ameyakodoa nyuma ya vioo, alitazama mpaka mwisho wa ukumbi na akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa. "Hayupo! Naona mpaka nyufa za ukuta."

Bi Mwanakheri aliitazama ile miwani. Halafu akauliza polepole, "Na macho hayo kayatoa kwa nani?"

Shadya alimtazama mama yake. Bi Sichana naye akamtazama.

"Kwa baba yake," alisema Mardhiya. "Mungu amrehemu."

Marehemu Suhail, baba yao, aliyekuwa akikaa jukwaa la juu kabisa uwanja wa mpira wa Amani na kumtaja kila mchezaji kwa jina lake! Shadya akainamisha uso, akaanza kukunja ncha ya mtandio wake.

"Ah, basi, marehemu hana lawama," alisema Bi Mwanakheri. "Sisi tunamtaka Shadya."

Bi Sichana alikuwa ameinua pua, ananusa. "Umemaliza, Mardhiya?"

"Nimemaliza."

Mganga akaivua miwani yake, akashuka ngazi bila ya kuaga.

Siku ya pili yake, alasiri, Mardhiya alitaka kumpeleka mtoto akacheze nje kwenye mwanga, kama walivyoambiwa kliniki. Nyumba ilikuwa shwari. Alikaa kwenye kiti, akafunga viatu.

"Faiza!"

"Naam, mama."

"Niletee buibui langu, lile ninaloliona limetundikwa pale mwisho wa ukumbi."

Mtoto aligeuka. Alitazama kwa makini, kama anayesoma ubaoni.

"Buibui gani, mama? Pale hapana kitu. Hapana hata msumari."

Mardhiya alikunja macho ili aone vizuri. Buibui likasogea.