Miguu Tisa na Logbook Moja

Mguu uliopatikana kwenye machimbo ya Kariandusi haukuwa na damu.

Wachimbaji waliouona Jumanne asubuhi walitupa sululu wakakimbia. Mmoja alipiga simu polisi akisema kuna maiti imefukiwa kwenye udongo mweupe, kiatu tu ndicho kimebaki nje. Inspekta Cherono akafika na glavu, utepe wa manjano na tumbo tupu. Alipiga magoti, akapangusa vumbi, akaugonga ule mguu kwa kalamu. Ko, ko, ko.

"Plastiki," alisema.

"Plastiki, madam?" Konstebo Zayed aliuliza.

"Ni mguu bandia. Chimba hapo kando."

Ikatoka mingine minane, mipya kabisa, miwili kati yake ya watoto, imesokomezwa kwenye gunia la viazi. Kila mmoja ulikuwa na karatasi ya jina na namba ya simu ya karakana. Ule wa kwanza uliandikwa: Chepchirchir, Kuresoi.

Cherono alikuwa mpelelezi kwa miaka kumi na minane. Alishakamata wezi wa ng'ombe, wa nyaya za umeme, hata wa sadaka. Lakini mtu wa kuiba miguu ya vilema na kuitupa shimoni? Damu ilimchemka.

"Huyu nitamtafuta hata kama amejificha chini ya kitanda cha mamake," alisema.

Saa nne mwenye miguu alikuwa ofisini kwake. Aliitwa Aikande Massawe, fundi wa miguu bandia, Mtanzania kutoka Moshi aliyekuwa akifanya kazi Nakuru mwaka wa pili. Aliiona miguu imepangwa mezani, akaigusa mmoja mmoja, kisha akalia.

"Shikamoo afande. Samahani."

"Marahaba. Keti. Hii yote ni yako?"

"Yote. Ilikuwa ndani ya gari langu, Probox ya kijivu. Jumapili nilienda kanisani kwa miguu, niliporudi gari halipo uani."

"Kioo kilivunjwa?"

"Hapakuwa na hata kipande cha kioo."

"Ukaripoti wapi?"

"Hapa hapa. Afisa wa zamu akasema nilete logbook, ile hati ya gari. Nikaleta nakala niliyokuwa nayo. Akacheka. Akaniambia, 'Mathe, hii gari si yako, ni ya Makokha. Enda uongee na Makokha.'"

Cherono alifumba macho kidogo. Angeshughulika na huyo wa kucheka baadaye.

"Na Makokha ni nani?"

"Ni mwenye nyumba wangu, anaishi na kijana wake Bravin. Namwita baba." Aikande alijifuta machozi. "Nilipofika sikuwa na kitambulisho cha wageni. Bila hicho hupati PIN ya kodi, na bila PIN huwezi kuandikisha gari. Na wagonjwa wangu wako Kuresoi, wako Mau Narok. Watu hawana miguu, afande, watanifuataje mjini? Baba akaniambia, 'Binti yangu, jina ni jina tu. Weka langu, kitambulisho kikitoka tutabadilisha.'"

"Hakijatoka mpaka leo?"

"Mwaka na zaidi sasa. Nikimuuliza baba, anasema serikali ni pole pole."

"Ngoja. Kwa nini umuulize yeye?"

"Namba ya simu iliyo kwenye fomu ni yake. Wakati ule mimi nilikuwa bado na laini ya Tanzania."

Loo! Ndivyo tulivyo huku kwetu. Shamba kwa jina la binamu, laini kwa jina la shemeji, gari kwa jina la mwenye nyumba, na wote tunacheka pamoja mpaka siku mmoja anapoacha kucheka. Cherono aliandika neno moja kwenye daftari, namba, akalipigia mstari mara mbili.

Zayed yeye alimshuku muuzaji. Gari limechukuliwa bila kuvunjwa, maana yake kuna ufunguo wa pili, na wauza magari ndio wenye funguo. Wakaenda kwa Bashir, mwenye yadi ya magari mjini. Bashir alipoambiwa shida ni nini, aliruka kutoka kwenye kiti.

"Kila gari ikipotea Nakuru, ni Bashir! Mimi nimekuwa nini, afande?"

"Punguza sauti, boss. Ufunguo wa pili wa ile Probox uko wapi?"

"Ulienda na logbook. Kwa mzee Makokha." Alifungua kabati kwa hasira, akatoa faili. "Na ngoja nikuonyeshe kitu. Huyu dada nilimwambia, usiweke jina ya mtu. Akakataa kusikia, sababu ati ni babake. Nikamwambia basi, kwangu hutoki bila kuandika."

Mkataba ulikuwa wa ukurasa mmoja. Mnunuzi: Aikande Massawe, namba ya pasipoti, picha yake imebandikwa. Chini, kwa mkono wa Bashir mwenyewe: Makokha anashika jina tu, gari si lake. Sahihi tatu, na ya nne ya shahidi, Hadiya, mkewe Bashir.

"Mzee alitia sahihi hii bila kunung'unika?" Cherono aliuliza.

"Alitia akicheka. Hata hakusoma."

Mzee Makokha aliwapokea kwa heshima zote. Alikuwa mstaafu wa reli, mzee wa kanisa, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Aliagiza chai kabla hawajaketi.

"Huyo msichana nilimpokea akiwa na sanduku moja. Moja tu! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Tumesikia, mzee. Ufunguo wa pili wa gari?"

"Ulipotea. Kitambo."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mgonjwa. Sikutoka hata geti."

Cherono alikuwa akitazama mlangoni. Gamboti mbili za mpira zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na soli zake zilikuwa nyeupe pe.

"Na hizi?"

"Hiyo ni unga. Ya ugali."

"Mnasonga ugali kwa gamboti hapa?"

Zayed alikohoa kuficha kicheko. Cherono hakucheka. Alikwangua ule weupe akautia kwenye mfuko wa vielelezo, akauweka karibu na pua. Haukuwa unga. Ulikuwa vumbi lile lile lililokuwa bado kwenye magoti ya suruali yake.

"Kijana wako Bravin yuko wapi, mzee?"

Kikombe kiligonga kisahani.

"Alienda Gilgil. Kutafuta kazi."

Alasiri hiyo polisi waliikuta Probox ya kijivu Gilgil, kwenye steji ya teksi, Bravin akiwa kwenye usukani. Alisema gari ni la babake na logbook ipo. Zulia la nyuma lilikuwa limejaa vumbi jeupe. Cherono alilipekua gari mwenyewe, na kwenye kidroo cha dashibodi akapata bahasha iliyofungwa. Alisoma jina lililoandikwa juu yake, akaiweka mfukoni. Kisha akapiga simu uhamiaji kuulizia kitambulisho cha Aikande. Alipokata simu alitoa daftari, akalizungushia duara lile neno, namba.

Asubuhi ya Jumatano Mzee Makokha aliketi chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza.

"Una haki ya kunyamaza," Cherono alimwambia.

"Ninyamaze kwa nini? Gari ni langu. Mtu huiba kitu chake? Serikali yenyewe imeandika Makokha."

"Sheria inasema mwenye jina ndiye mwenye gari, isipokuwa ithibitishwe vingine." Aliusukuma ule mkataba mbele yake. "Imethibitishwa. Hii sahihi ni ya nani?"

Mzee aliusukuma mkataba ukarudi.

"Sawa. Gari tuliweke kando." Cherono aliinama, akauinua mguu wa Chepchirchir, akausimamisha mezani. "Huu nao una logbook yake?"

Mzee alitazama pembeni.

"Mama anayengoja mguu huu amelima viazi akitambaa kwa misimu miwili. Umeutupa shimoni, mzee wa kanisa!"

"Sikujua niifanye nini. Ilikuwa imejaa ndani ya gari. Bravin hangebeba wateja na miguu ya watu."

"Kwa hivyo ni wewe uliyechukua gari."

"Ni mimi. Nilifungua kwa ufunguo wangu, mvulana akaendesha. Tukapitia Kariandusi."

"Na hii?" Alimwonyesha karatasi ya uhamiaji. "Kitambulisho chake kilitoka Novemba. Kimekaa ofisini miezi saba. Ulitumiwa ujumbe mara tatu kwenye simu yako. Mara tatu! Naye kila jioni anakuamkia shikamoo, anakuuliza, unamwambia serikali ni pole pole. Serikali ilikuwa wewe!"

Hapo uso wa mzee ulivimba, na maneno yakatoka kama yaliyongoja muda mrefu.

"Ndiyo, nilificha! Nimejenga reli hii miaka thelathini. Bravin wangu ana digrii, amelala kwa sofa miaka sita. Sita! Mgeni anakuja jana, leo ana gari, watu wanamwita daktari. Kila asubuhi anawasha gari chini ya dirisha la kijana wangu. Unajua hiyo inauma aje? Akipata kitambulisho, anabadilisha logbook, anaenda zake. Nami nabaki na nini? Nilitaka mtoto wangu apate kazi tu."

Cherono alitoa bahasha mfukoni.

"Hii ilikuwa ndani ya gari. Kijana wako ameendesha nayo siku tatu bila kufungua kidroo. Soma."

Mzee alivaa miwani, akaifungua. Ilikuwa barua ya karakana, ya Ijumaa iliyopita. Kwa Bravin Makokha: kwa pendekezo la Bi Massawe, tunakuajiri kuwa dereva wake wa safari za mashambani, kuanzia Jumatatu. Aikande alikusudia kumpa Jumapili hiyo baada ya ibada.

Alisoma mara mbili. Kisha akaivua miwani, akaifunika barua kwa viganja vyote viwili.

"Andika maelezo yake," Cherono alimwambia Zayed. Alitoka akamwita yule afisa wa zamu, akamketisha mbele ya kitabu cha matukio. "Andika upya. Mwenye gari: Aikande Massawe. Kwa herufi kubwa. Na ukimaliza utaipakia hiyo miguu garini, mmoja mmoja."

Saa sita Mzee Makokha alitolewa kupelekwa mahabusu. Koridoni alikutana na Aikande, kitambulisho alichokichukua uhamiaji asubuhi hiyo kikiwa mkononi na mguu wa Chepchirchir kwapani. Mzee alisimama. Alingoja ile shikamoo aliyoizoea kila jioni.

Aikande alimpita kimya, akatoka nje kwenye gari. Kuresoi ni mbali, na Chepchirchir alikuwa akingoja.