Udongo wa Kaburi la Inosenti

Lusia, jirani wa kanisa, alisimulia hivi, na kila aliyefika alisimuliwa upya: alfajiri ile alitoka kukamua, ukungu wa kreta ya Ngorongoro umeshuka mpaka kwenye mibuni, mara akamwona Mmasai. Shuka jekundu limemfunika gubigubi. Alichomoka mbio nyuma ya kanisa, alipofika mbele ya mlango mkubwa akajikwaa, goti moja likagusa chini, akainuka, akatokomea kwenye kahawa.

"Nikajisemea, huyu kaiba kuku wa padri," alisema Lusia. "Nikaenda kuchungulia. Yesu na Maria! Modest kalala chini ya kengele, kichwa kimepasuka kama boga."

Inspekta Naisenya Moloimet wa Kituo cha Polisi Karatu aliuinamia mwili. Jeraha lilikuwa moja tu, kisogoni, jembamba na lenye kina. Modest hakupigana. Alipigwa akiwa amempa mtu mgongo, mtu asiyemwogopa.

Huyu Modest alikuwa katibu wa hija. Jana yake tu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kupanga ziara ya waumini kwenye kikanisa cha kale cha Wajerumani, kule karibu na bandari. Basi lilikuwa liondoke Jumatatu. Kijiji kizima kilikuwa kimeshafua nguo za safari.

Nyuma ya kanisa watu walikuwa wamemzunguka Parmuat, Mmasai waliyemkamata akipita, mlinzi wa kambi ya watalii, mwenyeji wa Ngorongoro. Kamba mikononi, damu puani. Jamaa mmoja alishika dumu la petroli.

"Takwenya," Parmuat alimsalimia Inspekta kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia Naisenya.

"Mmesikia?" mtu akadakia. "Wameshaelewana! Kesho yuko huru anachunga!"

Naisenya akasimama mbele ya mfungwa wao. "Mwenye petroli aanze na sare hii."

Ndipo mzee Lazaro, katekista, akapenya katikati. Mtu mpole, nywele zimeanza kuota mvi. "Jamani, tusimwage damu nyingine mbele ya nyumba ya Mungu. Mkabidhini polisi." Dumu likawekwa chini. Naisenya alimshukuru kwa macho. Alijua kabisa kwamba bila mzee huyo angeondoka na maiti mbili.

Parmuat akatiwa kwenye gari la polisi. Nje, watu hawakutawanyika.

"Rungu lake halina damu, afande," alisema Konstebo Wilson. "Na jeraha lile si la rungu."

"Ni la chuma," alisema Naisenya. Akamwita Lusia. "Mama, huyo uliyemwona, uso uliuona?"

"Uso wa nini? Nimekwambia shuka."

"Karatu na baridi hii, nani hana shuka? Wewe hapo umejifunika nini?"

Lusia alijitazama. Shuka jekundu. Akalishusha mabegani kama linamuunguza.

"Alijikwaa na nini?"

"Na jiwe, labda."

Naisenya alikwenda mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, taa nyekundu ya altareni ikiwaka ndani. Mbele yake sakafu ya saruji, imefagiliwa, tambarare kama meza. Jiwe hakuna, hata kokoto.

Akarudi kwenye kengele. Ilikuwa rimu la lori, limetundikwa kwenye tawi la mgrevilea. "Hii hugongwa na nini?"

"Nondo," alisema Lusia. "Huchomekwa hapo kwenye panda ya mti."

Kwenye panda hapakuwa na nondo.

"Leo imelia?"

Lusia aliitazama kengele. "Haikulia," alisema polepole. "Mimi huamshwa na kengele. Leo nimeamshwa na ndama."

"Nani hugonga?"

"Katekista. Lakini anasema kaamka na homa."

Wakati huohuo Lazaro alikuwa akija na kitambaa cheupe cha kumfunikia marehemu, amekikumbatia kwa mikono miwili. Alipofika usawa wa mlango, bila kusimama kufikiri, goti lake moja likagusa saruji. Akainuka, akaendelea na safari yake.

Naisenya alilikumbuka goti alilosimulia Lusia.

"Wilson. Kwa nini amepiga goti?"

"Ekaristi iko ndani, afande. Mkatoliki aliyekomaa, mlango ukiwa wazi, hapiti hivihivi. Miguu yenyewe inajua."

"Na Parmuat?"

"Parmuat?" Wilson alicheka kidogo. "Huyo Krismasi anaijua kwa pilau." Kisha akamtazama katekista, akamtazama Lusia. "Hapana, afande. Huyu ndiye aliyenifundisha komunyo."

"Kapekue kwake. Kimyakimya."

Naisenya mwenyewe akachukua simu ya Modest na kuipiga namba aliyoongea nayo mwisho. Akapokea mlinzi wa kikanisa kule Dar. Inspekta alimweleza kilichotokea. Mlinzi alipiga kite.

"Masikini! Kijana yule alinizungusha uwanja mzima akitafuta kaburi la mtu anaitwa Inosenti. Nikamwambia, baba, hapa sijaona mtu akizikwa tangu nizaliwe. Uwanja wote ni saruji. Akakaa kwenye ngazi, akalia kama mtoto. Nikamuuliza ni ndugu yako? Akasema, 'Si ndugu yangu. Ni wa mama mmoja anayekuja Jumatatu.'"

Naisenya alikata simu. Kila mtu pale alikuwa anamjua Inosenti. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Selina. Zamani hizo alikwenda Dar na rafiki yake kutafuta vibarua vya bandarini, akafa kwa homa. Rafiki ndiye aliyemzika, tena kwa heshima, kwenye uwanja wa kikanisa kilekile cha Dar, padri na nyimbo. Rafiki huyo alikuwa Lazaro. Kwa wema ule kijiji kilimpa ukatekista.

Wilson alirudi macho mekundu. Nondo ilikuwa imefukiwa kwenye lundo la maganda ya kahawa, nyuma ya jiko la Lazaro. Ilikuwa na damu na nywele. Shuka lilikuwa limelowekwa kwenye beseni.

Kituoni, Naisenya alimsomea onyo la kisheria, kisha akaiweka nondo mezani, ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Unaijua?"

"Nimeishika miaka yote hii," alisema Lazaro. "Nitasemaje siijui?"

"Inosenti alizikwa wapi?"

Katekista aliinua uso. Alikuwa amejiandaa kuulizwa juu ya Modest. Swali hili lilimvunja.

"Sijui."

"Sema vizuri."

"Sijui, mwanangu! Nilimwacha hospitali akiwa hai. Alikuwa ananishika shati. Nikamwambia nakwenda kutafuta uji, narudi. Niliogopa, nilikuwa kijana. Niliporudi siku ya tatu kitandani palikuwa na mtu mwingine. Wakaniambia amezikwa na jiji, pamoja na wasio na ndugu." Alipumua. "Nikafika nyumbani. Mama Selina yuko njiani ananingoja. Ningemwambia nini? Ulimi ukasema wenyewe: nimemzika kanisani. Akanikumbatia. Akanibusu mikono hii."

"Na Modest?"

"Alinisubiri kwenye kengele. Akasema leo baada ya misa anawaambia watu. Nilimpigia magoti. Nikamwambia, mwache mama afike, tumwonyeshe jiwe lolote, aweke maua. Akasema hawezi kumdanganya mama mbele ya altare. Akanigeuzia mgongo. Nondo ilikuwa mkononi."

"Ulimuua kwa kumhurumia mama, au kwa heshima yako?"

Lazaro alifuta uso kwa kiganja. "Vyote."

"Na Parmuat? Wangemchoma."

Aliitazama nondo mpaka Wilson alipomfunga pingu.

Parmuat alitolewa mahabusu kwa mlango wa nyuma, pamba puani. Naisenya mwenyewe alimfungulia geti. Aliporudi alimkuta mwanamke mzee ameketi kwenye benchi la mapokezi, viatu vipya vya safari miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Selina." "Wanasema Lazaro kamuua Modest. Mimi nimewakatalia. Mtu aliyemzika mwanangu, aue? Kwa lipi?"

Naisenya alikaa kando yake.

"Basi, siku hizi mambo hayaeleweki," alisema Mama Selina. "Wanasema na safari imekufa. Sasa wewe ni mtu wa serikali, Dar unafika." Akafungua pindo la khanga yake. Ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu, umechekechwa vizuri, hauna hata jani. "Huu nimeuchimba pale tulipozika kitovu chake. Nakukabidhi wewe. Ukifika, umnyunyizie upande wa kichwani, umwambie, 'Mama yako alitaka kuja.' Niambie tu ndiyo, mwanangu, nirudi nyumbani kabla ukungu haujafunga."

Akakishika kiganja cha Inspekta, akakikunjua, akaumimina udongo humo.

Ulikuwa bado na joto la mwili wake. Naisenya alifunga vidole. Mama Selina aliinamisha kichwa, akamtegea sikio, akingoja.