Gobori Lililoshindiliwa kwa Nguo ya Clara

Jumamosi ile nilitoka kwangu Tabata mapema kwenda Mbweni kumsalimia dada yangu Clara, kama kawaida yangu wiki ambayo sina madaftari ya kusahihisha. Nilimkuta barazani anamenya ndizi. Mumewe, Ansbert, alikuwa uani amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, kavaa miwani ya jua na glavu za bustani. Nikajua leo kuna kituko. Shemeji yangu ni karani, mtu wa kupiga pasi hata soksi, lakini akipata siku ya mapumziko hujifanya fundi wa kila kitu.

"Shemeji, unapika nini?" nikamuuliza.

"Risasi," akajibu, kama anayesema maharage.

Kulikuwa na kenge. Nyumba za kule ziko karibu na mikoko, na huyo kenge alikuwa amekwisha kumaliza nusu ya kuku wa dada. Ansbert alikuwa na gobori la marehemu babu yake, lile la kujazwa baruti kwa mdomoni. Alilirithi kutoka Muleba, akalihangaikia kibali, kisha likabaki pambo. Sasa ameamua lifanye kazi.

Alikuwa amenunua kwa mafundi wa Chang'ombe vile vipande vya risasi vya kubalansia matairi. Akavitia kwenye sufuria kuukuu, vikalegea, vikawa uji unaong'aa wenye ukoko wa kijivu juu. Akaengua ukoko kwa kijiko, akachota, akamimina kwenye kalibu ya chuma ya babu yake. Kidonge cha kwanza kilitoka na makunyanzi kwa sababu kalibu ilikuwa baridi, akakirudisha sufuriani. Kilichofuata kilitoka mviringo safi kama gololi. Kilipopoa nikakishika mkononi. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea.

Akamimina baruti kwenye mtutu. Sasa kidonge hakiingii hivi hivi, lazima kifungwe na kitu ili kikaze kisiporomoke. Babu yake alitumia majani makavu ya mgomba. Lakini kiwanja kizima cha Ansbert hakikuwa na mgomba hata mmoja, kilikuwa na maua ya kwenye vyungu na nyasi za kununua. Akaangaza huku na huko, akachukua mkasi, akamwinamia mkewe, aliyekuwa amesogea kutazama, na kukata kipande cha pindo la dera alilokuwa amevaa. Lilikuwa dera la kijani.

"Wewe, dera langu," Clara akacheka.

"Nitakununulia mawili."

Akakifunga kidonge kwa kile kitambaa, akakisukuma ndani, akaanza kushindilia kwa fimbo ya chuma. Alipogonga, Clara akakohoa. Akagonga tena, Clara akakohoa tena. Tukasema ni moshi wa jiko.

Mchana kenge akaja, akajilaza juu ya ukuta. Ansbert akaweka fataki ya kuwashia baruti, akalenga, akafyatua. Fataki ikalia pa, kisha kimya. Baruti haikushika moto. Kenge hakukimbia. Aligeuza kichwa, akamtazama Clara kwa muda mrefu, halafu akashuka upande wa pili bila haraka. Hakuonekana tena.

Jioni dada akalalamika kwamba ana kitu kifuani, kitu cha mviringo, cha baridi. Siku iliyofuata alikuwa hawezi kuvuta pumzi ikafika mwisho. Hospitali wakampiga picha, daktari akasema mapafu ni safi, labda ni mawazo. Mawazo gani? Dada yangu alikuwa mtu wa kucheka mpaka anajishika ubavu.

Akashindwa kulala. Kila tukimlaza anainuka, anasimama wima kando ya kabati, anasinzia hivyo hivyo kwa miguu yake. Nikaomba ruhusa shuleni nikahamia kwao. Asubuhi moja Ansbert akalitoa gobori lililokuwa limesimamishwa pembeni ya kabati, akalilaza kitandani ili alifute vumbi. Papo hapo Clara naye akaanguka kitandani. Akalala palepale ubavuni mwa gobori, akakoroma.

Tulitazamana mimi na shemeji.

Ansbert akataka kukitoa kile kidonge. Magobori hayana njia nyingine, ama ulifyatue, ama ukichokoe kidonge kupitia mdomoni. Akaibana parafujo kwenye ncha ya fimbo, akalipeleka gobori sebuleni, akafunga mlango wa chumbani ili asimwamshe mkewe. Akaingiza fimbo. Akazungusha kidogo.

"Acha," Clara akasema kutoka chumbani.

Ansbert akasita. Akazungusha tena, kidogo tu.

"Ansbert. Unanizungusha."

Tukakimbilia chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mikono kifuani, midomo imepauka. Alikuwa anavuta kitu mdomoni kwa vidole viwili. Kilikuwa uzi. Mrefu, umelowa mate, wa kijani.

Hapo nikaogopa. Sina haja ya kujikaza mbele ya mtu, niliogopa kweli.

Ansbert akampigia simu baba yake mdogo, mzee Cyprian, huko Muleba. Akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

Ansbert akamweleza. Mzee akauliza, "Umeshindilia na nini?"

"Kitambaa."

"Cha nani?"

Ansbert akautazama mlango wa chumbani. Tukasikia mzee anavuta pumzi.

"Hujawahi kujiuliza kwa nini sisi tunatumia majani ya mgomba, na nyumba ina matambara kibao? Usilifyatue hilo. Usilichokoe. Usilitie maji."

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Sijui, mwanangu. Babu yako angejua."

Basi tukaishi hivyo. Ansbert alizitupa chooni fataki zote zilizobaki. Gobori tukalilaza kitandani kando ya dada, juu ya mto, kama mtoto mchanga. Jua likiligusa, Clara anatoka jasho, tukashona pazia zito. Jikoni hatukuwasha moto, tulipika kwa jirani. Padri alikuja akasali, akaondoka anatembea haraka kuliko alivyoingia. Watu wakatuletea majina ya waganga, nao wakija wanaishia mlangoni. Mimi mwalimu, shemeji karani, tuna akili zetu timamu, na hatukuwa na la kufanya zaidi ya kumshika mkono. Pumzi zake zilizidi kuwa fupi. Mbili za haraka, moja inakwama.

"Koku," aliniambia siku moja, "mie simlaumu. Mwambie. Ila nachoka."

Ilikuwa mchana mweupe. Ansbert alikuwa ameenda kuchukua chakula kwa jirani. Nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda namkunjia dada nguo. Hapakuwa na mlio. Nasema tena, hapakuwa na mlio wowote. Nilisikia tu harufu ya baruti, nikainua macho, na Clara alikuwa ananitazama, ila hakuwepo tena.

Tulimwosha sisi wanawake. Nilimkagua mwenyewe, mbele na nyuma. Hana jeraha, hana hata mkwaruzo. Ansbert akaingiza fimbo kwenye gobori, ikaenda mpaka chini. Hamna kidonge, hamna baruti, hamna kitambaa.

Lakini tulipoliondoa shuka, tulikuta tundu la mviringo lililoungua kingo, pale ulipokuwa mgongo wake. Godoro lina tundu. Chaga zina tundu. Na uvunguni, marumaru ya sakafu imetobolewa safi, haina ufa. Fundi aliingiza waya mrefu humo, hakugusa kitu.

Ansbert hataki tundu hilo lizibwe. Nikienda kumwona, namkuta kalala sakafuni, sikio kwenye marumaru. Mwanzoni nilimsema. Kisha nikaweka kiganja changu pale. Kuna hewa inatoka, ya uvuguvugu. Mbili za haraka, moja inakwama.